Kupima hoja za kodi ya mapato ya kilimo nchini India

Sheria ya Kodi ya Mapato ya India ya mwaka 1961 iliyasamehe mapato ya kilimo. Hoja ya kutetea msamaha huo, kwamba mkulima ni maskini, inanigusa, lakini naiona dhaifu, kwa kuwa maskini tayari analindwa na kiwango kisichotozwa kodi. Anayenufaika zaidi ni mwenye mashamba makubwa, au mfanyabiashara anayeandika faida ya duka lake kama mauzo ya mpunga. Yenye uzito ni hoja ya utekelezaji: kwa mkulima auzaye vitunguu kwa fedha taslimu, bila risiti, gharama za mbegu, mbolea na vibarua zitathibitishwaje? Hata hivyo, mzalishaji anayelima chai na kuisindika mwenyewe hutozwa kodi hiyo juu ya sehemu tu ya mapato yake, yaani asilimia 40, kwa hiyo ugumu huo haumhusu kila mkulima.