Choo nimebeba mwenyewe

Karatasi za chooni zimeisha, nitaleta nyingine saa ngapi? Na mbona bafu la tatu halijafanyiwa usafi? Ndivyo alivyoniuliza. Mama wa makamo, taulo begani, kandambili miguuni. Mimi nimeinama kwenye shimo la kumwagia vyoo, glavu za bluu mikononi (nilizitoa kazini, msinisemee), na kisanduku cha choo cha gari-nyumba letu kimemwagwa nusu. Mtu mweusi, glavu, kinyesi. Alijumlisha, akapata jibu. Nikamwambia, "Samahani, hata mimi ni mgeni hapa, gari letu ni lile la pili kutoka mtoni." Uso ukamwiva. Akasema hakuwa na nia mbaya. Huwa hawana nia mbaya, ndiyo maana mtu huna hata pa kwenda kushitaki. Jioni akamtuma mumewe na kikapu cha aprikoti, zile za jimbo la Valais zinazosifiwa Uswisi nzima. Tukazila zote. Kinyongo kikabaki.

Hapo ni kambi ya magari-nyumba Saas-Grund, kijiji cha bonde la Saas, kusini mwa Uswisi, mita 1,559 juu ya bahari. Watu wa Marangu mnielewe: hujafika hata usawa wa geti letu la mlima, lakini ukiinua shingo barafu unaiona imekaa juu ya kichwa chako. Tulikodi gari-nyumba Ujerumani tunakoishi, lile lenye vitanda, jiko na choo humo humo, tukaja na mke wangu na watoto wawili kupumua. Mwaka mzima nageuza wazee kitandani na kuwavalisha soksi. Nilitaka wiki moja ambayo hakuna kengele inayoniita.

Sasa niwaambie kwa nini suala la choo limenikaa rohoni. Kaka yangu ni mpagazi. Mzigo wa Kilimanjaro ni kilo 20, ndicho kipimo, na kuna safari ambazo mzigo wake ni choo cha mgeni. Mzungu anakilipia ziada ili asiingie vile vya kambini, kaka anakipandisha, anakimwaga, anakiosha, anakiteremsha, na mwisho wa safari anategemea bahashishi. Huku Saas-Grund nikakuta wazee wastaafu, wenye magari ya bei ya ghorofa pale Moshi, kila asubuhi kila mmoja anaburuta choo chake kwenye vigurudumu, anasalimia jirani, anamwaga, anasuuza, anarudi kunywa kahawa. Hakuna wa kumbebea mtu. Nilipenda, kusema kweli. Nikajiona nimefika mahali ambapo choo cha mtu ni chake mwenyewe. Na yule mama aliwaona hao wote kwenye foleni ile ile, wote kwake wageni. Ilipofika zamu yangu, akaona mfanyakazi.

Haya, bili. Nafasi ya gari, mtu mzima mmoja mmoja, watoto, umeme, na kodi ya mgeni ambayo kijiji kinatoza kwa kila kichwa kwa kila usiku. Faranga 60 na ushee kwa usiku mmoja, na unalala kwenye gari ambalo tayari umelipia kulikodi. Pigeni hesabu wenyewe kwa shilingi, mimi niliacha zamani, inaharibu usingizi. Nilibishana na mapokezi kuhusu ile kodi ya mgeni, nikidhani ni kama zile "ada" za barabarani kwetu. Binti wa mapokezi akanisogezea kadi, akasema na hii unapanda basi la posta, ndilo basi la abiria la huku, bonde zima bila nauli. Nikanyamaza. Tulipanda basi lile mpaka watoto wakamjua dereva.

Kitu kingine: mlima wao hauna geti. Pale kwetu mgeni analipa dola 70 za hifadhi kwa siku, bado kambi, bado waongozaji. Huku njia za miguu zina vibao vya njano vinavyokuambia ni saa ngapi kufika, unafunga viatu unakwenda. Pesa wanakula kwenye kebo, vibanda vya kupandishia watu mlimani kwa waya, zile ambazo Moshi tulizibishania, wapagazi wakiuliza watakula wapi. Jibu la huku nimeliona: wapagazi hawapo.

Saas-Fee, kijiji kilicho juu yetu, haruhusiwi mtu kuingia na gari lake. Unaliacha kwenye maegesho mlangoni na ndani vinapita vigari vidogo vya umeme. Na Grächen, bonde la pili, nikakutana na mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba kama ule wetu Wachagga. Mfongo kabisa! Maji yanatolewa mlimani kwa mfereji unaoambaa ubavuni, kila shamba lina saa zake, ukigusa maji ya jirani mnakosana kizazi. Nilimpigia baba simu ya video, akaangalia kimya, kisha akauliza nani anafagia mfereji na asiyekuja kufagia anatozwa nini. Swali la mtu anayejua.

Picha ya gari niliituma kwenye kundi la ukoo, na hapo ndipo nilipojitafutia. Mama akauliza kama tumefukuzwa nyumba. Baba mdogo akatuma sauti ya dakika nne: pongezi, Mungu ni mwema, mwanetu sasa ana nyumba ya kutembea nayo, na kwa kuwa kamati ya harusi ya binti yake imeshakaa, mimi nimepangiwa milioni mbili. Huku ninaonekana msafisha vyoo, kule bilionea, na ni gari lile lile, siku ile ile. Gari ni la kukodi jamani! Tuliweka akiba tangu mwaka jana, na mke wangu alichukua zamu za usiku.

Kwa mnaonijia kwa ujumbe binafsi mkiuliza "na sisi tukija tutaweza?", majibu yenu haya. Leseni ya Tanzania Ujerumani inatumika miezi sita tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani upya. Nadharia inapatikana kwa lugha kadhaa, mpaka Kituruki na Kiarabu. Kiswahili hakuna, kwa hiyo usiache Kiingereza kishike kutu. Leseni ya daraja B inakuishia kilo 3,500, na kilo hizo ni pamoja na maji, baiskeli, mkeo na gunia la unga. Polisi wana mizani. Barabara kuu za Uswisi zinataka stika ya faranga 40, ya mwaka mzima hata ukipita siku moja tu. Kibali chako cha kuishi Ujerumani pamoja na pasipoti vinatosha kuingia Uswisi kutembea, ila ndugu anayetoka nyumbani anahitaji viza ya Schengen, asije akatangulia kununua tiketi. Na nyama: kilo moja kwa mtu ndiyo inayovuka mpaka bila ushuru. Wachagga, nimewaambia mapema.

Ukitokea Kandersteg gari linapandishwa juu ya treni, nyinyi mmekaa humo humo, mnapita chini ya mlima gizani kama dakika 15, mnatokea Goppenstein upande wa Valais. Watoto waliomba turudie.

Siku ya mvua tulichukua basi hadi Mattmark, bwawa lililo mwisho wa bonde. Kuta zake zilikuwa bado zinajengwa tarehe 30 Agosti 1965, kipande cha barafu ya Allalin kilipokatika juu na kufunika mabanda ya wafanyakazi, ambayo yalikuwa yamepangwa chini yake kabisa. Walikufa 88, na 56 kati yao walikuwa Waitalia waliokuja kutafuta riziki. Walioshitakiwa walikuwa 17, mwaka 1972 wote wakaachiwa, na familia zilizokata rufaa zikashindwa na kutozwa nusu ya gharama za kesi. Nilisoma nikarudia. Waitalia hao nao waliitwa wageni, lakini si kwa maana ya kodi ya mgeni. Umeme tuliochomeka pale kambini sijui ulitoka bwawa gani, lakini Valais nzima ina mabwawa, na mikono iliyoyajenga haikuwa ya wenyeji peke yao.

Msafishaji halisi wa kambi yetu alikuwa dada wa Kireno. Nilimsimulia kisa cha bafu la tatu tukiwa kwenye mapipa ya taka. Akacheka, akasema lile bafu alilisafisha mara mbili asubuhi ile, na aliyelichafua ni mume wa huyo huyo mama, kajipaka matope mlimani. Basi nikajua na aprikoti zilikuwa za nini.

Baba mdogo, najua unasoma hapa. Nitatoa laki mbili mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia. Na kwenye kadi liandikwe na jina la mke wangu, zamu za usiku ni zake.