Siku moja maishani mwangu: diski ya Mwalimu

Saa 2 asubuhi. Ndio kwanza nafungua ofisi, Kariakoo, na Mwalimu ameshasimama mlangoni na laptopu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Wameniambia ninunue mpya, eti hii imezeeka."

Nimeiwasha. Prosesa ni Core i5, RAM GB 8. Bado mashine nzuri kabisa. Kinachoikwamisha ni hadidiski ya GB 500, ile ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Windows inaomba mafaili madogo madogo kwa wingi, na kila mara kichwa cha kusomea kinabidi kisogee kuyatafuta. SSD, diski ya kisasa ya chipu ambayo nataka kumwekea badala yake, haina kitu kinachozunguka wala kusogea.

Saa 3. Kabla ya yote, afya ya diski. Ripoti ya SMART, ambayo diski hujiandikia yenyewe kuhusu hali yake, inaonyesha sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Basi habari ya kasi nimeiweka pembeni. Humo mna alama za wanafunzi na picha za harusi ya binti yake, na hakuna nakala nyingine popote. Nimemweleza wazi, naye amekubali kuiacha hadi jioni.

Kijana wa duka la jirani ameleta SSD ya GB 480, nimeirudisha. Ukinakili diski nzima kama ilivyo, ya GB 500 haiingii kwenye 480, hata kama nusu yake ni tupu. Tumechukua ya 500.

Saa 4. Diski zote mbili ziko kwenye kompyuta yangu ya Linux, natumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Programu nyingi zikikuta sekta mbovu hung'ang'ana hapo hapo, na diski inayokufa haivumilii hayo. Hii huruka penye ubovu, hukusanya kwanza kila kinachosomeka, ndipo hurudi kwenye vipande vilivyobaki. Tena huandika ilipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea pale pale. Naipenda sana programu hii, na ni ya bure.

Namba za diski nazisoma, nazirudia, ndipo nabonyeza Enter. Ukigeuza ipi inasomwa na ipi inaandikwa, umefuta kazi ya mtu ya miaka.

Saa 7 mchana. Wali maharage wa mama ntilie, macho kwenye skrini. Karibu kila kitu kimetoka. Vipande vichache vimegoma.

Saa 8. Nimechomoa betri, nimefungua skrubu nne za fremu. SSD ina unene wa milimita 7, ya zamani 9.5, kwa hiyo nimeweka kipande cha plastiki isichezecheze. Imewaka haraka. Nimeendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kurekebisha palipoharibika.

Saa 10 jioni. Simkabidhi mtu mashine kabla hajafungua mafaili yake mwenyewe. Mwalimu amekagua alama, darasa moja baada ya jingine, kisha picha. Picha mbili hazifunguki, nimemwonyesha.

"Mbona inasoma 465 na umeniuzia 500?"

Nimemweleza: kutoka kipimo kimoja hadi kingine, hadi kufikia GB, kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Ujazo ni ule ule.

Diski ya zamani nimempa ndani ya bahasha, sikuifuta. Nimemwomba asiitumie tena kuhifadhia chochote, anunue diski ya nje kwa ajili ya nakala. Ameuliza bei. Kesho anakuja kuichukua.