Siku moja na wagonjwa wanaoogopa kukanyaga

Saa 11:30 alfajiri. Mbeya mwezi wa saba haina mchezo. Sweta, koti juu yake, halafu kugombania daladala hapa Uyole. Baridi hii ndiyo wagonjwa wangu wanaitupia lawama zote.

Saa 2:00. Kazi yangu ni fiziotherapia. Mtaani naitwa daktari wa mazoezi, lakini wengi wakifika hujilaza kitandani na kunyoosha mguu, wakisubiri niuchue.

Saa 2:30. Mama anayeuza viazi Mwanjelwa. Kano la kisigino, ile kamba inayounganisha msuli wa shavu la mguu na mfupa wa kisigino, linamsumbua tangu masika. Jirani alimwambia apumzike, muuza dawa naye hivyohivyo, shemeji naye. Akapumzika kwelikweli. Sasa ngazi anashuka kiubavu, na shavu la mguu ule limekonda, unaliona bila kupima.

"Mama, leo tunapanda ngazini."

"Mwanangu, huu mshipa si utakatika?"

Swali hilo kwangu ni la kila siku. Namweleza kwamba kano hupata nguvu kwa kubebeshwa mzigo. Likiachwa tu linadhoofika, kisha hata mzigo mdogo unaliumiza, naye anazidi kuogopa na kuzidi kulificha. Maumivu wakati wa zoezi yanaruhusiwa mpaka tano kati ya kumi, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakizidi hapo tunapunguza uzito, hatuachi.

Bado ananiangalia kwa mashaka. Basi namsimulia habari za Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Sweden. Inasimuliwa kwamba kisigino chake mwenyewe kilimuuma, akaomba afanyiwe upasuaji, akakataliwa. Akaamua kulitesa kano makusudi ili liharibike zaidi, wasiwe na budi kumpasua. Likapona! Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 waliofanya zoezi lake la kusimama kwa vidole kwenye ngazi na kushusha kisigino taratibu, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia.

"Huyo mzungu naye ana wazimu," anasema, huku ameshashika ukuta na kupanda kwa vidole. Seti 3, marudio 15. Anakunja uso, ila hasimami.

Saa 4:15. Kijana wa bodaboda, anachechemea na kucheka. Jana kwenye mpira alihisi amepigwa teke nyuma ya mguu. Kugeuka, hakuna mtu. Namlaza kifudifudi, nabana shavu la mguu: unyayo hausogei. Kano limekatika. Huyu ndiye aliyestahili kuogopa, na ndiye anayeuliza kama Jumapili atacheza. Ngazi si yake kwa sasa. Namwandikia aende kwa daktari wa upasuaji leo hii.

Saa 7:00. Wali maharage, chai ya tangawizi.

Saa 8:00. Mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu, na mkewe kambebea mkoba wake. Nilimpa dodoso la hofu ya mwendo lililotengenezwa Marekani, Tampa, lenye kauli 17. Mwalimu amekubaliana na karibu kila kauli ya woga. Ajabu ni kwamba mguu wenyewe una nguvu, kisigino anakiinua vizuri tu. Kila akiinuka, mkewe anaguta: "Baba, polepole!"

Hapo natibu wawili. Namwomba mama naye apande ngazi, ahesabu kwa sauti, asishike mkono wa mtu. Mwalimu namuuliza ameacha nini tangu aumie. Kupanda kwenda kwenye migomba yake, anasema. Basi hiyo ndiyo dawa: wiki hii afike nusu ya kilima, kwa miguu, mkoba abebe mwenyewe.

"Ndaga fijo," ananishukuru. Mkewe bado hajaamini.

Saa 10:00. Mafaili. Katika kazi hii nadhani maneno yanakula muda kuliko mazoezi, na kwenye faili hakuna pa kuyaandika.

Saa 2:00 usiku. Ujumbe wa mama wa viazi: linauma, ameacha.

"Ngapi kati ya kumi?"

"Tatu."

"Basi malizia seti iliyobaki, mama. Kesho uniambie limeamkaje."

Anajibu kwa sauti, anahema, anahesabu marudio, na katikati anamsema yule mzungu.