Chupa nne zilizonionyesha risasi ilikotoka

Mtoto wetu alipopimwa damu na kukutwa na madini ya risasi, watu watatu walinishauri niyachemshe maji kwa muda mrefu zaidi, ushauri ambao hadi leo unaniudhi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi ni metali: maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe hubaki sufuriani, na kila lita inayosalia huwa na risasi nyingi kuliko awali. Maji hayo ndiyo tuliyokuwa tukimkorogea maziwa ya unga.

Mara ya kwanza nilikinga maji ya kupima mchana, baada ya kufua na kuosha vyombo, na majibu ya maabara yakaja mazuri, tukafarijika bure kwa wiki kadhaa. Risasi huingia majini polepole, maji yakiwa yametulia ndani ya mabomba, viungo vilivyolehemiwa na koki za shaba. Yaliyotiririka tangu asubuhi hayakuwa na nafasi ya kuibeba.

Safari ya pili hatukufungua maji kwa saa nane, hata ya chooni. Alfajiri nikakinga lita ya kwanza kabisa ya koki ya jikoni bila kumwaga tone, nikayaacha yatiririke dakika tano, ndipo nikajaza chupa ya pili. Usiku uliofuata nikarudia yote kwa koki ya bafuni, maana ningezikinga zote alfajiri moja, maji ya jikoni yangekwisha kuyasukuma yale yaliyolala bombani.

Chupa ya kwanza ya jikoni ilikuwa na mikrogramu 34 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani limeweka 10, na kwa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Zile tatu nyingine hazikufika 3. Kumbe bomba la ardhini, ambalo fundi mmoja alitaka kulifukua lote kwa fedha ambazo hatukuwa nazo, halikuonekana kuhusika. Mkosaji alikuwa koki kuukuu ya jikoni, ambayo kichujio cha mdomoni mwake nilikikuta kimejaa punje za kijivu.

Koki mpya iligharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo, ila hakikisheni imethibitishwa kutokuwa na risasi. Maji ya moto ya bombani hatuyapikii kamwe, kwa kuwa huyeyusha risasi upesi zaidi. Nilipopima tena lita ya alfajiri, majibu yalikuwa chini ya 2, na miezi michache baadaye kiwango katika damu ya mtoto kilikuwa kimeshuka.