Mama hakuwa na homa

Watu wananiuliza ilikuwaje mama akalazwa siku 12 kwa kidonda cha mguu. Naandika kwa sababu naamini kuna nyumba Newala au Tandahimba ambayo leo hii ina mgonjwa wa namna ileile, na wenyewe wanasema "si sana".

Ilikuwa Agosti, watu wanafyeka chini ya mikorosho kujiandaa na msimu. Mama akakanyaga kisiki cha kichaka kilichokatwa kwa panga, kikapenya yeboyebo hadi kwenye unyayo. Ana kisukari cha miaka mingi, miguu imekufa ganzi, hakusikia chochote. Damu aliiona jioni alipokwenda kuoga. Akaosha, akafunga kipande cha khanga, kesho yake akarudi shamba.

Siku ya nne dada akanipigia Mikindani: "Mama anaumwa, ila hana hata homa." Nilipanda gari mchana uleule. Nilimkuta amejikunja mkekani, khanga mbili juu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia kwa jina la mama mdogo, ambaye tulishamzika. Nikamshika mkono: wa baridi, ngozi ina mabaka. Paji la uso nalo baridi. Lakini alikuwa anahema kama mtu aliyepandisha na ndoo ya maji kutoka bondeni, na alikuwa amelala tu. Nikauliza, amekojoa saa ngapi? Dada akafikiri. Mara moja, alfajiri, kidogo, rangi ya chai ya rangi.

Malaria walishapima, hakuna. Jirani akasema ni mashetani, kwani anaongea na wafu. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, akataka tusubiri kukuche. Simlaumu, hata mimi moyo ulikuwa unanambia mtu asiye na joto hajazidiwa. Nilipofungua kile kitambaa cha mguuni harufu ikatujibu sote. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetoka kutafuta gari usiku ule.

Hospitali walipima presha, imeshuka vibaya. Daktari akasema ni sepsisi. Wakamtundikia dripu, wakampa antibayotiki za mshipani, wakasafisha kidonda. Vidole viwili havikuokolewa.

Nilimwomba daktari anieleze polepole. Wadudu wameingia kwenye kidonda, mwili unapambana nao, lakini mapambano yanapita kiasi hadi yanaumiza mwili wenyewe. Mishipa ya damu inalegea na kuvuja, presha inashuka, viungo vinakosa damu ya kutosha. Figo zikikosa, mkojo unakauka. Ubongo ukikosa, mtu anachanganyikiwa. Yale tuliyoyaita mashetani yalikuwa hayo. Na homa si lazima iwepo: kwa wazee na watoto wachanga joto linaweza kushuka badala ya kupanda. Kila saa tuliyokaa barazani kujadiliana ilikuwa inamla.

Chanzo si lazima kidonda. Nimonia, maambukizi ya mkojo, tumbo, vyote vinaweza kufikisha huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2017 watu milioni 49 hivi walipata sepsisi na milioni 11 wakafa, na katika hao waliougua, kama milioni 20 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaopata kirahisi zaidi ni wachanga, wazee, wajawazito na waliojifungua au kuharibikiwa mimba karibuni, wenye kisukari, VVU, saratani, maradhi ya figo au ini, selimundu, na walioungua moto.

Kwa wachanga nina uchungu wa pekee. Jamani, kitovu cha mtoto kisipakwe majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Na mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri akaacha ghafla, akalegea, akapoa, msisubiri apate joto. Mama mzazi naye akianza kutetemeka baada ya kujifungua, au uchafu wa uzazi ukitoa harufu mbaya, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Mama sasa yuko nyumbani, anatembelea fimbo. Mjukuu wake wa darasa la tano ndiye mkaguzi: kila jioni anammulika nyayo kwa tochi ya simu, halafu ananipigia. Jana kaniambia, "Mama mkubwa, kuna kamchubuko karibu na kisigino, bibi anasema nisikuambie." Nimetuma nauli asubuhi hii.