Roboti ya kazi moja: uzoefu wangu katika msimu wa INTO THE DEEP

Mchezo wa FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti zinazojengwa na timu za wanafunzi, hubadilika kila mwaka na hutangazwa mwezi Septemba. Timu zote zinatazama video ileile, zinasoma kitabu kilekile cha kanuni, halafu ubishi unaanza. Msimu wa 2024–25 uliitwa INTO THE DEEP, na kwetu ubishi ulikuwa mmoja tu: kikapu au upau?

Kwa ambaye hakuufuatilia: uwanjani kulikuwa na vipande vya plastiki vya njano, vyekundu na vya bluu, na roboti iliruhusiwa kushika kimoja tu kwa wakati. Ukikitia kwenye kikapu cha juu unapata pointi 8, cha chini pointi 4. Njia ya pili ni kukipeleka kipande cha rangi yenu kwenye eneo la pembeni, mwenzenu aliyesimama nje ya uwanja akipachike kibanio, kisha roboti ije kukichukua ikakitundike kwenye upau wa katikati. Upau wa juu pointi 10, wa chini 6. Mwishoni roboti inaweza kupanda na kuning'inia, na ngazi ya tatu ilikuwa na pointi 30, ambazo zilimtoa udenda kila mtu.

Wenzangu walitaka vyote. Mimi nilikuwa nahodha na msimamo wangu ulikuwa kwamba tutundike kwenye upau wa juu, basi. Hakuna kikapu, hakuna kupanda. Mwisho wa mechi tuegeshe eneo letu, tuchukue pointi 3 za kuegesha, twende zetu.

Sababu ya kwanza ilikuwa urefu. Roboti inaanza mechi ikiwa imekunjwa ndani ya boksi la sentimita 45.7 kila upande. Kikapu cha juu kiko zaidi ya mita moja kutoka chini, upau wa juu uko kwenye sentimita 66 hivi. Kufika kwenye upau, mkono wenye hatua moja ya reli ya kurefuka unatosha. Kufika kikapuni unahitaji reli juu ya reli, kamba, puli na mota ya pili, na kila kiungo kimoja unachoongeza ni mahali papya pa kukwama. Sababu ya pili ilikuwa washirika. Mechi ni roboti mbili dhidi ya mbili, na nilikuwa na uhakika timu nyingi zingekimbilia vikapu. Anayetundika vizuri angepata wa kucheza naye.

"Na tukipangwa na mwenzetu anayetundika pia?" mwandishi wetu wa programu akauliza. Swali zuri. Nikamjibu kwamba upau ni mpana, tutagawana kushoto na kulia.

Maneno matupu hayakumshawishi mtu, kwa hiyo tulichora uwanja sakafuni kwa utepe, mita 3.66 kwa 3.66, tukawa sisi wenyewe roboti. Mmoja anatembea njia ya kikapu, mwingine njia ya upau, wa tatu ameshika saa. Sharti lilikuwa moja: huruhusiwi kugeuka haraka kuliko roboti halisi, na kila unapookota kipande unasimama kidogo. Anayekwenda vikapuni alilazimika kuchokora vipande katikati ya uwanja, mahali ambapo roboti zote nne zinapigania nafasi, kila safari. Anayetundika alikuwa na njia moja, kwenda na kurudi, na mara nyingi hana wa kumzuia. Baada ya zoezi hilo ubishi ulipungua. Haukuisha, kulikuwa na mmoja aliyeendelea kuchora mkono wa kupandia hadi Desemba, na michoro yake ilikuwa mizuri kweli.

Ujenzi wenyewe sina mengi ya kueleza. Magurudumu manne ya mekanamu ili roboti iweze kwenda ubavu, mkono mmoja, kiganja chenye servo moja (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoitaka). Skrubu zote zinazotikisika tulizipaka gundi ya nyuzi, inayozuia skrubu kulegea. Roboti ilitembea mapema kuliko za timu tulizokuwa tukiwasiliana nazo, na hapo ndipo faida ya kazi moja ilipoonekana: muda wote uliobaki ulikuwa wa kutafuta maradhi yake.

Na maradhi makubwa yalikuwa kuzimika. Roboti inakwenda vizuri, inafika kwenye upau, inagusa chuma, kimya. Skrini ya dereva inasema mawasiliano yamekatika. Baada ya sekunde kadhaa inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulibadilisha betri, tukabadilisha waya za kidhibiti, tukapakia programu upya. Bado. Kilichonipa mwanga ni daftari letu la majaribio: kila tukio la kuzimika lilikuwa limeandikwa mahali lilipotokea, na karibu yote yalikuwa kwenye upau, tena siku ambazo hewa ilikuwa kavu. Hakuna programu inayojali hali ya hewa.

Ulikuwa umeme tuli. Magurudumu yakisuguana na sakafu ya sponji, fremu ya roboti inajikusanyia chaji. Ikigusa chuma cha uwanja, chaji yote inaruka kwa mkupuo, na ikipita karibu na vifaa vya umeme, kidhibiti kinachanganyikiwa. Kanuni haziruhusu kuunganisha umeme wa roboti na fremu kiholela, ila kuna waya maalumu wenye ukinzani unaokubalika kwa kazi hiyo. Tuliufunga. Tukazungushia utepe wa plastiki kwenye ncha za kiganja, pale panapokutana na upau, ili chuma kisiguse chuma. Tukaziondoa waya za data kwenye kingo za fremu na kuzifunga katikati. Halafu tukafanya jaribio ambalo jirani angetuona wendawazimu: roboti inazungushwa sakafuni kwa makusudi ili ijikusanyie chaji, kisha inapelekwa kugonga upau, tena na tena, mchana mzima. Haikuzima. Kama timu yako inapoteza mawasiliano na huoni sababu, angalia kwanza inazima ikigusa nini.

Betri nazo zina hadithi yake. Ni za volti 12, lakini ikitoka kwenye chaja inasoma zaidi ya 13, na baada ya mechi inashuka. Katika sekunde 30 za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe bila dereva, na programu ikisema "peleka mota kwa nusu ya nguvu", nusu ya betri iliyoshiba si sawa na nusu ya betri iliyochoka. Roboti ileile asubuhi inapita upau, mchana inafika pungufu. Mwandishi wa programu aliweka magurudumu madogo ya kupimia umbali, yasiyo na mota, kisha akaifanya programu isome volteji na kurekebisha nguvu kabla ya kuondoka. Mimi kazi yangu ilikuwa ya kikarani: kila betri ina namba, na kila namba ina mstari kwenye jedwali. Betri iliyoanza kushuka haraka ilihamishiwa kwenye mazoezi, haikukanyaga mashindano.

Tulijali sana zile sekunde 30 kwa sababu kipande kilichotundikwa wakati huo kilihesabiwa, na kikiwa bado kimening'inia mwisho wa mechi kilihesabiwa tena. Njia yetu ilikuwa kutundika kile tulichoanza nacho, kusukuma vipande vitatu vya rangi yetu hadi eneo la pembeni, kisha kurudi kuvichukua kadiri muda unavyoruhusu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawalioni kwenye video. Anayepachika vibanio hakuruhusiwa kuingiza mkono eneo lile roboti ikiwa ndani. Lilikuwa kosa, na mpinzani alipewa pointi. Kwa hiyo dereva na mpachikaji wanategemeana kwa nukta. Dereva wetu alisimama pungufu ya mstari. Mpachikaji akaning'iniza kipande ukutani, akarudisha mikono na kuikunja kifuani. Mimi, niliyekuwa kocha wa uwanjani, nilikuwa na neno moja: "Ingia." Basi. Tulipoanza mazoezi wote watatu tulikuwa tunapiga kelele, "toa mkono", "subiri", "bado", na dereva akasema waziwazi kwamba hasikii chochote. Tukakubaliana atasikia sauti moja tu.

Hata namna ya kuning'iniza ilifundishwa. Kipande kikiinama upande mmoja, kiganja kinakishika pembeni, na kikifika kwenye upau kibanio hakinasi. Mpachikaji alijifunza kukishika kwa vidole viwili, kukishusha, kisha kukigonga kidogo kwa ukucha kitulie. Ule mgongo wa ukucha, naapa, ulituletea pointi kuliko mota yoyote.

Siku ya mashindano ukaguzi ulipita haraka. Roboti ndogo haina pa kuchelewesha mkaguzi. Kwenye chumba cha majaji tukaulizwa kwa nini roboti yetu haiwezi kikapu. Tukafungua jedwali la saa za ule uwanja wa utepe, na maswali yote yaliyofuata yalikuwa juu ya jedwali hilo. Timu zinazokuja na roboti ya kila kitu zina kazi ngumu zaidi pale, maana inabidi zieleze kila kitu.

Mechi za mchujo unapangiwa mshirika, humchagui. Kabla ya kila mechi nilikwenda kwenye meza ya mshirika na karatasi yenye njia yetu ya zile sekunde 30, nikiuliza yao inapita wapi. Wengine walishangaa, mmoja aliniambia wazi kwamba yao haijawahi kufika popote, nisihofu. Programu yetu ilikuwa na sehemu ya kuchelewesha kuondoka kwa sekunde tunazotaka, na ilitumika zaidi ya nilivyodhani, kwa sababu roboti mbili za upande mmoja kugongana ni jambo la kawaida kuliko kugongwa na mpinzani. Katikati ya mchana timu tuliyokuwa tucheze dhidi yake ilikuja kuomba servo, na tukawapa. Utamaduni huo wa kukaza mchezo huku ukimsaidia unayeshindana naye ulihimizwa sana na marehemu Woodie Flowers wa MIT, na ukiwa pale unaona ni wa kila siku, hakuna anayetoa hotuba.

Hatukumaliza miongoni mwa timu za juu zinazochagua wenzao wa kucheza nao mtoano. Lakini timu ya vikapu iliyokuwa juu ilikuja mezani kwetu kabla ya uchaguzi, nahodha wao ameshika daftari. "Mnaweza kukaa upande wenu muda wote, msije kabisa kwetu?" Nikamwambia ndicho kitu pekee tunachojua kufanya. Wakatuchagua. Kwenye mtoano hutolewi hadi upoteze mara mbili; tulipoteza moja mapema, tukapanda kupitia njia ya chini, ya waliopoteza mara moja, tukafika fainali, na huko tukakutana na muungano ambao roboti zake zote mbili zilipanda na kuning'inia mwisho wa mechi. Pointi zetu 3 za kuegesha hazikutosha. Yule mwenzetu wa michoro ya mkono wa kupandia alinitazama, hakusema neno, nami sikumwuliza.

Msimu uliofuata, DECODE, ukaja na mipira ya kurusha. Kiganja tukakivunja kwa ajili ya servo yake. Jedwali la betri, daftari la majaribio, waya wa ukinzani na sehemu ya kuchelewesha kuondoka vilihamia kwenye roboti mpya, na mchoraji wa ule mkono ndiye akawa nahodha.