Siku moja maishani mwangu: kupima mwendo wa damu ya mapacha wa plasenta (kondo la nyuma) moja

Saa 1:30 asubuhi. Nawasha mashine ya ultrasaundi, naweka jeli na taulo tayari, halafu napitia orodha ya leo nikiwatia alama kina mama wenye mapacha wa plasenta moja, manake hao lazima niwape muda mrefu. Mapacha wenye plasenta mbili kila mtu ana yake, lakini hawa wa moja karibu wote wana mishipa inayoungana juu ya plasenta, damu ya huyu inapita kwa mwenzie, ndo maana kuanzia wiki ya 16 tunawaita kila baada ya wiki mbili hata kama mama anajisikia fresh kabisa.

Saa 2. Mama wa wiki 12. Kazi hapa ni moja, kujua plasenta ni ngapi. Naangalia pale ukuta unaotenganisha chupa mbili unapogusa plasenta: ukiwa mwembamba na umesimama kama herufi T ni plasenta moja, ukiwa umenenepa pale chini kama kabari ni mbili. Picha inaingia kwenye faili saa hiyohiyo, mimba ikishakua kuiona tena ni shughuli.

Saa 3. Wiki 22, na huyu ndo amekaa sana. Mtoto mkubwa makadirio gramu 480, mdogo 350, tofauti imepita asilimia 25 kwahiyo siwezi kusema ni umbo tu. Naweka dopla, yaani kipimo cha mwendo wa damu, kwenye ateri ya kitovu ya mdogo, mshipa unaotoa damu kwa mtoto kwenda kwenye plasenta. Kawaida moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo damu inaendelea kwenda mbele taratibu, sasa huyu mara inaenda, mara imekata, mara inarudi nyuma, halafu inaanza tena kwenda vizuri kama hakuna kilichotokea. Napunguza kasi ya mchoro kwenye skrini na nasogea karibu na pale kitovu kinapoingia kwenye plasenta, hapo ndo mawimbi yanaonekana vizuri yakipanda na kushuka. Ukipima kwa haraka ukakamata sehemu nzuri tu unaandika yuko sawa, na hayuko sawa.

Kinachofanya hivyo ni ateri ya huyu kuungana moja kwa moja na ateri ya yule kwa njia pana, mioyo miwili inasukumana. Na hapa watu wengi wanaelewa nusu, wanadhani mishipa hiyo ni adui tu. Huyu mdogo amepata kipande kidogo cha plasenta, bila damu ya ndugu yake pengine asingefika wiki hizi. Ila njia hiyohiyo, moyo wa mmoja ukisimama, damu ya aliyebaki inaweza kumwagikia upande wa pili kwa muda mfupi sana, ubongo wake ukaumia au naye akaondoka.

Mama ananiuliza, "Dokta, nikila zaidi mdogo si atanenepa?" Swali zuri, namjibu bila kuzunguka. Mama, chakula chako kinafika vizuri, sukari inatoka kwenye damu yako kwenda kwa mtoto kwa sababu kwako iko juu kuliko kwake, tatizo ni mlango wake mdogo, yaani kile kipande chake cha plasenta, na plasenta yenyewe inatumia sehemu kubwa ya oksijeni na sukari kabla ya mtoto kupata. Kula zaidi hakupanui mlango. Namwonyesha tumbo la mdogo lilivyo jembamba kuliko kichwa: damu nzuri inaingia kwa veni ya kitovu, mshipa unaoileta kutoka kwenye plasenta, oksijeni ikipungua sehemu kubwa zaidi inalikwepa ini ikimbilie moyo na ubongo, ini linabaki dogo na akiba yake ya sukari inakuwa kidogo. Sio kosa lako hata kidogo. Hilo nalirudia kwa sababu wengi wanatoka hapa wakijilaumu.

Saa 7 mchana. Wiki 28, maji ya chupa sawa kwa wote, uzito sawa, mtu angemaliza hapo. Mi lazima nipime kasi ya damu kwenye ateri ya katikati ya ubongo kwa kila mmoja, nikiweka pembe kati ya mwale wa mashine na mshipa karibu na sifuri. Kuna mapacha wanavujishiana damu polepole kwa vimishipa vyembamba bila maji kubadilika, mmoja anaishiwa damu, damu yake inakuwa nyepesi na inakimbia, ikipita mara 1.5 ya kiwango cha kati cha wiki hizo naanza kuhofia. Leo wote wako vizuri. Arudi baada ya wiki mbili. Anayefuata.

Saa 8:30. Wiki 19, tumbo limekua ghafla. Kina cha maji ya chupa ya mmoja sentimita 1.5, ya mwenzie 9.8, na kibofu cha mwenye maji machache nasubiri na kusubiri hakijai. Figo zake zinapata damu kidogo, mwili unabana maji, hakojoi. Mwenzie anapokea damu kuliko uwezo wake, anakojoa sana na moyo unaanza kuchoka. Baba aliyekuja naye anauliza kama hatuwezi kumpunguzia tu maji. Inampa mama nafuu, lakini mishipa inabaki wazi, na utafiti mkubwa uliotoka 2004 ulionyesha leza ya kuifunga hiyo mishipa inaokoa watoto zaidi.

Saa 10. Napiga simu kituo cha leza mwenyewe, hili sio la kuandika barua likae mezani. Natuma picha za plasenta ilipokaa, vitovu vinapoingilia, urefu wa shingo ya kizazi na dopla za watoto wote wawili. Wanampokea kesho asubuhi, nawaeleza mama na baba waende na begi la kulala.